Moto wa Mama Marietha

Majina ya wakulima yalifutika kwenye kompyuta kwa mara ya tatu asubuhi ile, na magunia ya alizeti yalikuwa yamepangwa hadi barabara ya Iguguno. Programu niliiandika mwenyewe. Meneja wa kiwanda alishaagiza turudi kuandika kwenye daftari.

Nikatoka, nikakaa mlangoni pa jiko la Mama Marietha, mpishi wetu, akanipa uji. Jirani alikuja na kigae cha chungu kuomba moto.

“Kwani kwake hana kuni?” nikamuuliza Mama Marietha.

“Anazo. Lakini moto si umeshawaka hapa? Anayeamka kwanza anawasha, wengine tunaomba.”

Nikalitazama kaa jekundu likiondoka juu ya kigae. Programu yangu ilikuwa na sehemu mbili, ya mizani na ya stakabadhi, na kila moja ilianza kwa kufungua orodha mpya, ikaifuta ya mwenzake.

Nikakimbia kwenye kompyuta, nikaandika: kama orodha imeshafunguliwa, itumie, kama bado, ifungue. Kipande hicho nikakiita MARIETHA.

Jina la arobaini likaingia, na la kwanza bado lilikuwepo.

“Asante sana, mama,” nikamwambia niliporudi jikoni.

“Asante ya nini,” akasema, “na uji wako umeuacha unapoa?”