Mkuu Mpya wa Bwawa

Kiboko alijitwalia bwawa pekee la nyikani, na hakuna mnyama aliyeruhusiwa kunywa kabla yeye hajamaliza kuoga. Nungunungu akawaapisha wenzake kwamba watakunywa wote pamoja, kisha akawaongoza vitani. Kiboko alichomwa miiba puani, akakimbia asirudi. Wanyama wakashangilia, wakamfanya Nungunungu mkuu wa bwawa.

Kesho yake asubuhi Swala, aliyevunjika pembe katika vita hivyo, alikuja kunywa. Nungunungu akamzuia ukingoni.

"Ngoja kwanza, naoga."

"Lakini ndugu yangu, si tuliapa kunywa pamoja?"

"Tulipoapa," Nungunungu alijibu kwa upole, "nilikuwa na kiu."

Swala alirudi kwa wenzake waliokuwa wakimsubiri, akawaambia, "Jamani, kazi bado."