Mwanamke wa Ndoo

Mgeni aliuweka ubao mezani na kuufungua karatasi taratibu, kama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Ulikuwa ubao wa skeiti, ule wa vijana kutelezea barabarani, lakini usio na magurudumu. Upande wake wa chini ilichapwa ile picha mashuhuri ya msichana aliyejitwika ndoo ya maji, shingo imenyooka.

"Ni wewe huyu, bibi," alisema mgeni huyo, Nuria, aliyetumwa na kampuni iliyotengeneza ubao. "Watu wa nchi za mbali wanazikusanya mbao hizi. Huu ni wako."

Bibi Siwema aliitazama ile shingo. Yake siku hizi haikugeuka bila maumivu. Alikumbuka mchoraji wa picha ile alivyomsimamisha juani, na kila alipoomba kuitua ndoo akaambiwa, "Bado kidogo."

"Magurudumu yake yako wapi?"

"Hauna, bibi. Ni wa kutundika ukutani, wa kuangalia tu."

"Nimechoka kuangaliwa, mwanangu."

Kesho yake fundi baiskeli aliufungia ubao magurudumu ya sanduku bovu la safari. Siwema akapakia dumu la maji juu yake, akalikaza kwa kamba, akaanza kuuvuta kutoka bombani. Picha ilikuwa chini, imeelekea vumbi.

Kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti alisimama kupumzika, akajikanda shingo. Chini ya dumu, yule msichana alikuwa angali amebeba maji.

"Bado kidogo," Siwema alimwambia, akaishika tena kamba.