Neno la Kwenye Mtungi

Asubuhi hiyo fundi wa kuunga vyungu vya makumbusho alikuwa amegombezwa. Alikuwa ameziba pengo la mtungi kwa plasta, kisha akaipaka rangi ya udongo hata usijue kipi cha kale na kipi cha jana.

"Kapambe bibi harusi, mtungi uache," mkuu wake alimwambia. "Pengo libaki jeupe. Na kwenye kibandiko uandike *conjectural*. Yaani tumekisia tu, hakuna aliyeona."

Alilinakili neno hilo mara ishirini.

Mchana wifi yake alimfuata pale pale kwenye meza ya kazi, akamwekea mbele fomu ya kuandikisha kifo. Nafasi moja tu ilikuwa wazi: tarehe ya kifo cha mume.

"Jaza, wifi. Mwaka wa tano huu tangu apotee. Wazee wamechoka kungoja."

Fundi alisimama, akaketi, akasimama tena. Plasta ilikuwa imemkaukia kwenye kucha, akawa anaibandua punje kwa punje. Mumewe aliaga anakwenda kazini, akasema chai wamwekee. Basi.

Mwishowe aliandika tarehe ya siku ile aliyoaga. Pembeni yake akaongeza neno la Kiingereza, herufi moja moja.

"Umeandika nini hapo?"

"Neno la kazini. Kwamba tumekisia tu, hakuna aliyeona."

Wifi aliinamia fomu, kidole kikipita juu ya jina la kaka yake, kikarudi, kikapita tena.

"Basi liandike kwa herufi kubwa."