Rejeta ya Mzee Nzomo

"Fundi, umechelewa," Mzee Nzomo alisema, akamrushia ovaroli kabla hata hajafunga lango.

Muthama aliidaka. Hakuwa fundi. Alikuwa mwalimu wa jiografia kutoka Mukuyuni, na alikuwa amefika Kabati kwa jambo moja tu: kumposa Kavata, binti wa mzee huyu ambaye hawakuwahi kuonana naye. Wazee wa kwao wangefika saa nane. Yeye alitangulia ili aonekane kijana wa kuheshimu wakati, na shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mara mbili.

"Mzee, mimi si..."

"Hii gari inachemka kama sufuria ya muthokoi! Na leo niko na wageni. Kuna mwalimu fulani anataka msichana wangu. Nasikia yeye ni wa chaki tu. Akikuja, mimi nitamwangalia mikono."

Muthama aliificha mikono yake mfukoni. Neno la kwanza kumwambia baba mkwe haliwezi kuwa "umekosea". Hilo alifundishwa nyumbani kabla ya kujua a, e, i, o, u. Alitazama dirisha la jikoni akitafuta msaada, na Kavata alikuwepo. Aliweka kidole mdomoni, akatoweka.

Basi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Muthama alivaa ovaroli, akainama.

Pikapu ilikuwa kuukuu, rangi yake ya bluu imebaki milangoni tu. Alifungua boneti na kutazama injini jinsi wanafunzi wake wanavyotazama karatasi ya mtihani. Alikagua mkanda wa feni, ulikuwa umekaza. Alifungua kifuniko cha rejeta. Maji yalijaa hadi juu. Akakirudisha na kuwasha injini. Feni ilizunguka vizuri, lakini mshale wa joto ulipanda mbio kama mbuzi aliyeona shamba la kunde. Muthama alizima, akanyoosha mkono kwenye kifuniko.

"Wee! Usifungue ikiwa moto!" Mzee alimshika mkono. "Unataka kuungua uso siku kama ya leo?"

Jasho lilikuwa likimtoka. Alijificha nyuma ya choo, akampigia simu Mathenge, mume wa Wavinya, dada mkubwa wa Kavata. Mathenge alikuwa na buchari Sultan Hamud na ndiye mkwe pekee wa boma hilo.

"Mathenge, nimekwisha. Mzee ananidhani ni fundi."

Upande wa pili kulisikika kikohozi kirefu.

"Usimkosoe," Mathenge alisema hatimaye. "Washa gari kidogo. Shika paipu ya juu, halafu shika ya chini. Mengine utajionea." Akakata.

Muthama hakuwa na nafasi ya kujiuliza muuza nyama alijulia wapi mambo ya rejeta. Alishika paipu ya juu, akaruka, ilikuwa moto. Ya chini ilikuwa baridi kabisa. Hapo mwalimu wa jiografia aliamka ndani yake. Mto ambao juu umefurika na chini umekauka, lazima katikati kuna kizuizi.

Akashuku themostati, kile kilango kinachofunguka kwa joto kupitisha maji. Injini ilipopoa aliichomoa, akaomba maji ya moto. Nzisa, binti kitinda mimba wa boma, alileta sufuria. Themostati ilitumbukizwa, ikafunguka bila wasiwasi. Haikuwa na kosa lolote. Mama Kavata alikuwa akicheka na leso mdomoni, lakini Nzisa hakucheka. Alimtazama Muthama kwa huruma, kama mtu anayemwombea.

Mama mmoja jirani alipita na punda wake. "Mzee Nzomo, asante kwa ule mchanga wa jana! Safari tatu, na hiyo pikapu haikusimama hata mara moja!"

"Karibu, karibu," Mzee alijibu haraka. "Fundi, hebu ingia chini!"

Muthama aliingia chini. Akalegeza paipu ya chini. Maji yenye kutu yalimwagika, yakapenya ovaroli hadi shatini, kisha yakawa tone tone. Aliingiza kidole, akagusa kitu kigumu. Alivuta, akasukuma, akavuta tena, kikatoka: gunzi la mahindi.

"Aiya!" Mzee alisema. "Watoto wa siku hizi!" Akalipokea na kulitia mfukoni.

Themostati ilirudishwa, paipu zikafungwa, maji yakajazwa, injini ikawashwa. Safari hii mshale ulipanda hadi katikati na kutulia. Muthama alifurahi hadi akasahau alikuja kufanya nini. Hapo ndipo wazee wa Mukuyuni walipoingia langoni, mjomba wake Musembi akiwa mbele.

"Mwalimu! Unafanya nini na hilo joho la grisi?"

Muthama alitamani ardhi immeze. Mzee Nzomo alimtazama juu mpaka chini, akashika mikono yake miwili iliyokuwa nyeusi tii, akaigeuza.

"Kumbe ni wewe? Na unaacha nikuite fundi asubuhi yote, unanyamaza tu?" Akawageukia wazee. "Hii mikono nimeiona. Na huo mdomo pia nimeuona, unajua kunyamaza. Leteni mbuzi wa ntheo, wale wa kuposa, wakati wowote mnataka."

Wanawake walipiga vigelegele. Kavata alimletea Muthama maji ya kunawa, na hakuna shati chafu lililowahi kuvaliwa kwa majivuno kama lile.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Mzee Nzomo alitoa gunzi mfukoni, akaliosha kwa makini.

"Leo ulilisukuma ndani sana," mkewe alilalamika. "Mathenge hakuteswa hivyo."

Mzee alilipangusa, akampa.

"Weka vizuri. Wa Nzisa anakuja Jumamosi."