Dawa ya Virusi

"Naomba dawa ya virusi," Damari alimwambia muuzaji wa duka la kompyuta, kwa sauti ya mtu aliyejizoeza njia nzima.

Mteja mmoja aligeuka akacheka. "Mama, hiyo si wanatoa hospitali, tena bure!"

Uso ulimwaka Damari. "Ya kompyuta, jamani! Mimi mtu wa ibada, hivyo virusi vingine nivitoe wapi?"

Duka zima likaangua kicheko, naye akacheka nao. Muuzaji akaweka pakiti mbili mezani. "Hii inalinda kompyuta moja, hii tatu. Chagua, mama."

Damari akageuka amuulize Perusi, mwenzake wa maombi, aliyemsindikiza. Perusi hakuwa anacheka. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake, ambamo mlikuwa na vidonge anavyomeza kila jioni. Katika mji ule, nje ya hospitali, ni Damari peke yake aliyeambiwa habari za vidonge hivyo, siku waliyopiga magoti pamoja wakaviombea.

"Chukua hiyo ndogo, dada," Perusi alisema taratibu. "Kwako kompyuta si ni moja?"

Kisha akatangulia nje.

Damari alilipa hiyo ndogo. Ee Bwana, alianza kuomba moyoni, akakosa neno la kufuatia.

Perusi alikuwa akimngoja juani. Siku zote walitembea wameshikana mikono. Leo alikuwa ameuhamishia mkoba upande wa Damari, na mkono ambao Damari angeushika ulikuwa umeushikilia mkoba huo.