Mistari ya Majivu

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu wakati Evelina, nahodha wangu, akichora mstari wa mwisho wa uwanja kwa majivu ya jikoni kwake. Wageni hawaji, wamepata mechi na nchi kubwa.

Ingekuwa mechi yetu ya kwanza ya kimataifa ya raga ya watu kumi na watatu. Mama yake Evelina alishafika kutoka Mpwapwa, amekaa pembeni na jogoo wa kuwachinjia wageni.

Upepo wa hapa Miyuji ulikuwa unaufuta mstari, naye Evelina anaurudia kwa kiganja, taratibu, kama anampaka mtoto mafuta.

"Kocha, wageni wamefika wapi?"

"Wako njiani," nikasema.

Akachota majivu mengine. "Basi ngoja niukoleze, wasije wakasema Tanzania hatuna uwanja."