Mfalme Asiyekuwa na Kafara

Bi Mwanakheri alikuwa akisuka ukili ukumbini, na mjukuu wake Saumu akimsomea kazi ya shule: kumlinganisha mfalme wa tamthilia ya kale ya Wayunani na mama wa riwaya ya siku hizi. Kila mmoja aliapa kumfukuza mwanawe.

"Mfalme alijuta, bibi, lakini alikwisha kuapa mbele ya watu. Akashikilia kiapo mpaka mwanawe akafa."

"Na huyo mama?"

"Alimfuata mwanawe, akamrudisha. Mwalimu anauliza nani shujaa."

Ukili ukasimama mkononi. Mwaka wa tatu huu tangu Bi Mwanakheri aape, majirani wakisikia, kwamba mwanawe Ngwali hatakanyaga tena nyumba yake. Na jana Ngwali katuma salamu za kuaga: kesho anahama mji.

"Kwani kwao huyo mfalme hakukuwa na kafara?" aliuliza. "Mtu akivunja kiapo si hulisha maskini kumi, yakaisha?"

Saumu akacheka. "Bibi nawe! Wayunani wa kale kafara wataijulia wapi?"

"Basi maskini ya Mungu, hakuwa na pa kutokea. Andika hivyo."

"Mwalimu atanikata maksi!"

"Na akate."

Akainuka, akateremsha sufuria kubwa ya shughuli, akaanza kupima mchele kwa kibaba, akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi akatazama mlangoni. Kisha akachota cha kumi na moja.